Usibane Pumzi, Mama

Mama anapoogopa jambo, neno la kwanza kumtoka kinywani ni "hapana". Nami nilikuwa na sababu. Kaka yangu alikufa maji katika Ziwa Victoria tukiwa wadogo, na tangu hapo maji mengi sikuyapenda. Basi mwanangu wa pili aliponieleza kuwa anataka kufanya kazi ya kuwaongoza wapiga mbizi Zanzibar, jibu langu lilikuwa tayari. Mume wangu ndiye aliyesema kwa upole, "Mama Baraka, nenda ukaone kwanza. Ukikataa, ukatae unachokijua."

Nilikwenda. Kabla ya kugusa maji nilipewa karatasi ya maswali ya afya: pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa kifua, ujauzito. Mimi muuguzi nilifurahi kuyaona. Mama mjamzito hashauriwi kabisa kuzamia na mtungi wa hewa. Mwenye mafua naye asubiri apone, maana masikio yake hayatahimili mgandamizo wa maji.

Mkufunzi alitufundisha kwanza kwenye maji ya kifuani, akaanza na kanuni moja: usibane pumzi kamwe. Sababu yake, wenzangu, ni hii. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya bahari. Ukivuta hewa ukiwa huko, kisha ukaibana kifuani na kupanda nayo, hewa hiyo hutanuka hadi mara mbili, na mapafu yaweza kujeruhiwa. Ikipenya kwenye damu yaweza kufika hata kwenye ubongo. Kanuni ya pili ni kupanda polepole. Ukiwa chini, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukiibuka kwa haraka hutoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla.

Siku iliyofuata tulizamia penye meli iitwayo Great Northern. Ilikuwa meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, ikazama karibu na Zanzibar mwaka 1902. Imelala kwenye maji ya mita 12 hivi, kina ambacho hata mgeni aweza kufikishwa akiwa na mkufunzi. Moyo ulinienda mbio. Lakini mwanangu alikuwa mbele yangu, macho yake hayaniachi, akinionyesha kwa mkono: vuta, toa, vuta, toa. Nilipotulia ndipo nikaiona meli. Chuma chote kimevikwa matumbawe, na samaki wadogo wanaingia na kutoka kama watoto wanaocheza uani.

Katika tundu moja alichungulia mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akifungua na kufunga kinywa. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani. Miaka 18 nimekuwa mkunga wa wazazi, sikujua kuwa nina wajina wangu huko chini!

Lakini kilichonigusa zaidi ni kijana wangu. Nyumbani ni mimi ninayemkumbusha kula na kufua. Kule chini alikuwa akitazama saa, akikagua kipimo cha hewa yangu, akihesabu watu wake. Wakati wa kupanda alitusimamisha mita 5 kutoka juu, dakika 3 kamili, wala hakumruhusu mtu kutangulia.

Sikumkataza. Hofu bado ninayo, ila sasa ina maswali ya kuuliza, nami nawapa akina mama wenzangu ambao watoto wao wanaitamani kazi hii. Nani amemfundisha, na ana cheti? Vifaa vinakaguliwa lini? Anazamia na nani, maana si vizuri mtu kuzamia peke yake? Je, kwenye boti kuna oksijeni ya dharura? Na kabla ya kupanda ndege anapumzika muda gani? Baada ya kuzamia mara moja ni angalau saa 12. Akiwa amezamia mara nyingi, angalau 18.

Mwanangu huyajibu yote bila kuchoka. Na kila jioni hunipigia simu, hata nikiwa zamu wodini, kusema maneno mawili tu: "Nimeibuka, mama."