Suti au nibaki hosteli?

Jumamosi ni dina ya sisi tunaomaliza chuo, na kadi inasema "mavazi rasmi". Kukodi suti nimeambiwa sh. 40,000. Bumu la chakula na malazi tangu 2022 ni sh. 10,000 kwa siku, yaani suti ya usiku mmoja inameza siku zangu nne.

Rumeti wangu kashasema haendi, anaona aibu. Hapo ndo nikakataa. Miaka mitatu tumekula maharage pamoja, leo koti litutenganishe siku ya kuagana? Kesho tunadamkia Karume: mashati meupe mawili ya mtumba, tai tutaazima, pasi ninayo. Kupendeza lazima, kukopa hapana.

Nani mwingine hana suti? Tuingie pamoja ukumbini.