Sekunde tano nilizotaka kuzificha

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mazoezi ya kufundisha.

Juzi usiku nilikuwa hoi. Mhadhiri anataka dakika 10 tu za kipindi changu cha kidato cha kwanza, mwisho saa sita usiku. Mimi nina video ya dakika 40, laptopu mkweche, umeme umekatika, betri asilimia 20. Programu ya kuhariri niliyoizoea inaniambia nisubiri saa nzima!

Mwenzangu wa chumbani akacheka, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika:

ffmpeg -ss 00:07:20 -i somo.mp4 -t 600 -c copy kipande.mp4

Yaani anzia dakika ya 7 na sekunde 20, chukua sekunde 600. Hiyo "-c copy" ndiyo mchawi mwenyewe: kompyuta haitengenezi picha upya, inanakili tu zilizopo. Sikumaliza hata kupiga mwayo, kazi imekwisha. Na programu yenyewe ni ya bure, ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000.

Sasa sikieni. Hiyo 7:20 sikuichagua hivi hivi. Kabla yake kidogo niliuliza wingi wa "uso", kijana mmoja akajibu "mauso". Nikamwambia, "Wewe ulisoma wapi?" Darasa likaangua kicheko. Hakunyoosha tena mkono mpaka kengele.

Nafungua kipande, namkuta yumo! Kumbe ukinakili hivyo video haikatiki popote utakapo. Inarudi nyuma hadi kwenye picha kamili iliyo karibu, kwa sababu picha nyingine zimehifadhi mabadiliko tu. Ukitaka ikatike pale pale, unaondoa "-c copy", ila hapo inatengenezwa upya na muda unakwenda. Betri asilimia 9.

Ningeweza kuandika 00:07:40 yakaisha. Vidole vilikuwa tayari. Nikamwangalia yule kijana anavyokaa taratibu, anainamia daftari. Nikaacha. Nikaituma kama ilivyo, kwa intaneti ya simu.

Alama bado. Ila Jumatatu narudi darasani kwake, na kabla ya ngeli naanza na samahani, mbele ya wale wale waliocheka.

Walimu wenzangu watarajiwa, ninyi mngekata?