Kompyuta Inapozimika Yenyewe
Hapa Idodi, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, adui wa kompyuta zetu za nyumbani wakati wa kiangazi ni vumbi na joto. Mashine ikizimika yenyewe baada ya nusu saa, akina mama wenzetu husema, "Ni virusi!" Sisi wauguzi hupima kwanza ndipo tukatoa dawa. Tunachomoa waya ukutani, tunaiacha ipoe, kisha tunasafisha feni kwa brashi laini, tukiishika isizunguke. Mara nyingi hupona. Umeme ukikatika tunachomoa tena, maana waweza kurudi kwa kishindo ukaunguza. Kuipeleka Iringa mjini ni nauli, na mafundi wengine hufuta kila kitu bila kuuliza! Humo zimo hesabu za akiba ya wajane wetu. Tunazinakili kwenye flashi kila Jumapili, na daftari la mkono hatujalitupa.