Waya wa Kurudi

Kwa wakazi wa Talatala, masika hayahitaji mtabiri. Bonde la Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ishukayo kutoka Rungwe hupitia kwetu ikielekea Ziwa Nyasa. Ndiyo maana gari linaloheshimiwa huku ni mkonga, Land Cruiser lenye bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. La familia yetu ni la zamani, na kwa miezi minne liliugua ugonjwa wa kuja na kuondoka.

Asubuhi liliwaka kwa kuguswa ufunguo tu. Jioni, hasa baada ya mvua, stata ilitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Saa moja baadaye liliwaka tena kana kwamba halijawahi kugoma. Nilipowasha taa kubwa, mshale wa joto la injini ulipanda ghafla; nilipozizima, ulishuka. Fundi wa kwanza akabadilisha betri. Wa pili akabadilisha alteneta. Kila mmoja aliliwasha mbele yangu, likawaka, akalipwa, akaenda zake.

Usiku mmoja wa Aprili tulikuwa tukimkimbiza jirani yetu, aliyeshikwa na uchungu, kwenda hospitali Kyela mjini. Nilizima injini ili tukague kalavati lililofunikwa na maji. Niliporudi kuwasha, nikasikia mlio ule ule mmoja. Vijana wa kitongoji cha jirani walitoka mvuani wakatusukuma juu ya tuta mpaka injini ikashika. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini usalama ule ulitoka katika mikono ya watu. Gari halikuwa na sehemu ndani yake.

Fundi wa tatu alikuwa mzee asiye na haraka. Hakufungua boneti. Aliuliza, “Mwalimu, linagoma lini?” Sikuwa na jibu la maana. Akaniagiza niandike kwa wiki nzima: saa, mvua, taa, mashimo ya barabara. Niliporudi na daftari, alichukua mita, akashika ncha hasi ya betri kwa waya mmoja na bodi ya injini kwa mwingine. Mita ikasoma sifuri. “Hapa kila fundi atakwambia pazima,” alisema. “Sasa piga stata.” Mita ikaruka ikapita volti moja na nusu, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi.

“Gari lako haliumwi betri, mwalimu. Umeme unakwenda vizuri. Unakosa njia ya kurudi.”

Alilala chini ya gari, akafungua bolti ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka injini na chesisi hadi kwenye betri. Chini yake palikuwa na rangi. Mwaka uliotangulia tulilipaka gari rangi mpya kwa ajili ya harusi, na waya ukafungwa juu ya rangi. Maji yakapenya, kutu ikafuata. Taa zilipovuta umeme mwingi, kipimo cha joto nacho kilidanganya, kwa kuwa kilitegemea njia ile ile mbovu. Msasa, grisi na kukaza spana: dakika ishirini, kwa gharama isiyofikia hata moja ya kumi ya bei ya ile alteneta.

Nimelitafakari jambo hili kila ninapoona jengo la umma likipakwa chokaa wiki ya ziara ya kiongozi. Agizo hushuka vizuri: wizarani, mkoani, wilayani, katani, hadi kijijini. Njia ya kurudi ipo pia kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inauweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Huko ndiko mtu husema kalavati limezama, au dawa zimekwisha. Mkutano usipoitishwa, au ukiitishwa ili watu wasikilize tu, waya umefungwa juu ya rangi. Taarifa za robo mwaka zitaendelea kuonyesha mishale mizuri. Tutamhamisha mtendaji, kisha tutamhamisha na aliyemrithi, kama nilivyonunua betri na alteneta.

Nawaomba wanafunzi wangu, na ninyi mlio katika utumishi wa umma, mpime mambo yakiwa na mzigo. Nendeni kwenye zahanati usiku wa mvua, bila taarifa, mkiwa na daftari. Ulizeni swali la yule mzee: linagoma lini?

Sisi siku hizi, kila Februari, kabla masika hayajashika, tunaifungua bolti ile na kuisugua. Gari halijapendeza zaidi. Linawaka.