Madonda Matano Juu ya Dhahabu



Juma lililopita, katika kipindi cha Historia ya Kanisa, padre mwalimu wetu alituonyesha picha ya sarafu adimu iitwayo Português. Mfalme Manuel I wa Ureno alianza kuitoa mwaka 1499. Ni dhahabu karibu tupu, uzito wake gramu 35 hivi.

Upande mmoja una nembo ya Ureno chini ya taji, na ndani ya ngao mna vingao vitano vilivyopangwa kama msalaba. Kwa mapokeo ya Wareno, hayo ni madonda matano ya Yesu. Katika nembo hiyo kila kingao kina vidoa vitano. Ukijumlisha vidoa 25 na vingao 5 unapata 30, idadi ya vipande vya fedha alivyopokea Yuda. Upande wa pili una msalaba na maneno ya Kilatini: kwa ishara hii utashinda.

Tulifurahi, tukasema hii ni katekesi nzima kiganjani. Ndipo mwenzetu wa pwani ya kusini akauliza, "Padre, dhahabu yenyewe waliitoa wapi?"

Padre akajibu kwamba nyingi ilinunuliwa Afrika Magharibi. Lakini mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa ushuru wa dhahabu. Kwa dhahabu hiyo mfalme huyohuyo aliagiza monstransi ya Belém, iliyokamilika mwaka 1506 na sasa iko katika makumbusho mjini Lisbon. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Wareno walikuwa wamerudi Kilwa na kuupora mji.

Darasa lilinyamaza. Sisi nasi tulikuwa tukichangisha monstransi mpya, na kila familia katika jumuiya tulikuwa tumeipangia kiwango. Siku mbili kabla, tulicheka kusikia kwamba mama mmoja ameuza kuku wake wawili asije akaaibika.

Madonda ya Bwana yakichorwa juu ya dhahabu hayaitakasi njia iliyoileta.

Kiwango tumekifuta, anayetoa atoe kwa hiari. Jumapili tulimrudishia mama yule fedha zake. Alipokea nusu. Nusu nyingine, alisema, ni ya Yesu, na hiyo hakuna aliyemlazimisha.

Tuombeane.