Kwetu wanaume hawafiki 55

Sisi ni ndugu wanne, wa kiume watatu na wa kike mmoja, wote tumekulia hapa Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Baba alikufa akiwa na miaka 48. Alikuwa kwenye kibustani nyuma ya nyumba, akasema kifua kinambana, akaingia ndani kupumzika, hakuamka. Baba mdogo naye alienda hivyohivyo akiwa na 51. Majirani walisema mengi, si mnajua kambini. Kuna waliosema uchawi ulitufuata toka Fizi, ukavuka na sisi Tanganyika kwenye boti.

Hatubishani na wazee. Ila tukaanza kuhesabu.

Aliyetuanzisha ni shangazi, ambaye alishahamishiwa Marekani. Alitupigia WhatsApp akasema daktari wa huko kamuuliza: kwenu nani alikufa kwa moyo, na alikuwa na miaka mingapi? Akakosa jibu. Basi akatupa sisi hiyo kazi.

Kazi yenyewe siyo nyepesi. Mtu anayekimbia vita habebi karatasi za hospitali, anabeba watoto na sufuria. Historia ya magonjwa ya ukoo wetu iko kwenye vichwa vya wazee, tena haiko kwa lugha ya daktari. Bibi hasemi "mshtuko wa moyo". Anasema "alianguka", au "alikata roho palepale". Na miaka hawahesabu kama kwenye kadi ya mgao. Kwa hiyo tukabadilisha maswali. Wakati wa Mulele alikuwa ameshaoa? Alipokufa, mtoto wake wa mwisho alikuwa anatembea? Alianguka ghafla au aliugua kwanza? Je, upande mmoja wa mwili ulilegea, mdomo ukapinda? Hilo la mwisho ni muhimu, maana hicho huwa ni kiharusi, siyo moyo, ingawa presha ndiyo mama wa vyote viwili. Hivyo ndivyo tulivyomgundua babu: alianguka sokoni Baraka wakati mtoto wake wa mwisho bado ananyonya. Hakuwa mzee hata kidogo.

Umri una maana. Kwa madaktari, baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada aliyeupata kabla ya 65, ni dalili kwamba watoto na ndugu wanaobaki wako kwenye hatari kubwa zaidi. Babu wa miaka 80 akifa kwa moyo, hiyo haihesabiwi hivyo.

Tulipomaliza upande wa baba, mmoja wetu akacheka akasema, basi imeshaandikwa, tule maisha. Maneno hayo tumeyasikia kwa vijana wengi hapa, na tunaona ndiyo hatari kuliko damu tuliyorithi. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watu zaidi ya 55,000. Wale waliorithi hatari kubwa lakini wakaishi vizuri, yaani hawavuti sigara, hawana unene uliopitiliza, wanafanya mazoezi, wanakula vizuri, hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 46 ukilinganisha na wenye urithi uleule wanaoishi ovyo. Na haikuhitaji yote manne, matatu yalitosha kuitwa maisha mazuri. Ndiyo, tunajua, watu hao hawakuwa wanaishi kwa mgao. Lakini sigara ni sigara popote, na kwetu wawili walikuwa wanavuta. Mmoja ameacha kabisa. Mwingine anapambana, tunamvumilia.

Kwenye chakula tuseme ukweli, mkimbizi hachagui sana. Ila chumvi tunaiweka wenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mgao wa kawaida wa chumvi umepigwa hesabu ya gramu 5 hizohizo. Sasa ongeza makayabu, ongeza vile vipande vya supu vya dukani kwenye sombe, utaona tumeshapita mbali. Dada ndiye aliyeanza kuloweka makayabu usiku na kumwaga maji. Wiki ya kwanza tulinung'unika wote. Mawese nayo tumepunguza, hatujaacha, Mkongo kuacha mawese ni kesi nyingine.

Kitu kilichotusumbua zaidi ni kupimwa. Kwenye kituo kimoja cha afya kaka mkubwa, miaka 29, aliambiwa wewe bado kijana, presha ni ya wazee na wajawazito. Kwa kuwa kati yetu kuna anayejitolea na timu ya afya, tulirudi na daftari la majina na umri wa marehemu. Mhudumu alilisoma kimya, akachukua mashine. 148 kwa 96. Wakampima siku nyingine mbili, bado juu ya 140 kwa 90. Leo anameza dawa kila siku, hata siku anayojisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Wahudumu mnaosoma hapa, tunawaomba swali moja tu kwa kijana anayekuja kwenu: kwenu nani alianguka?

Na kifua kikibana dakika kadhaa, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, jasho baridi likitoka, pumzi ikikatika, nyumbani kwetu tumekubaliana hakuna kulala kwanza. Ni kwenda kituoni usiku huohuo, hata kwa kubebwa kwenye baiskeli.

Daftari bado lina kurasa tupu za upande wa mama. Mama mkubwa yuko Uvira na mtandao wa huko unasumbua. Tutampigia tena Jumapili.