Maporomoko ya Jajce na Bangili za Mama



Bosnia ni nchi ya milima. Mtu atokaye Sarajevo kwa gari kuelekea Jajce hupita mabonde membamba, misitu ya misonobari na vijiji ambavyo minara ya misikiti yake imechongoka kama kalamu. Mwezi wa Mei, baba watoto alikuwa na kazi ya wiki moja Sarajevo, nasi, mimi na binti yetu, tukafuatana naye. Siku yake ya mapumziko tukaitumia kwenda Jajce kwa njia ya Travnik, safari ya saa mbili na nusu hivi. Tulikuwa tumesikia kwamba huko mto huanguka katikati ya mji.

Nami nilisafiri na jambo moyoni. Mama yetu alifariki mwaka mmoja kabla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Urithi uligawanywa kwa mujibu wa sharia, na bangili zake nane za dhahabu zikatuangukia sisi mabinti watatu. Mama katika uhai wake alikuwa akisema angependa kuchimba kisima kijijini kwao Kwale, ambako wanawake hadi leo huamka alfajiri kufuata maji na madumu kichwani. Lakini hakuandika wasia. Dada zangu walitaka bangili ziuzwe, kisima kichimbwe. Mimi nikakataa. Nilisema hicho ndicho kitu pekee kilichobaki chenye umbo la mkono wake. Kutoka hapo mazungumzo yetu yakawa ni salamu tu.

Jajce ni mji mdogo uliojengwa kilimani, na ngome ya kale juu yake. Mto Pliva hupita ukingoni mwa mji, kisha hujitupa katika mto mwengine uitwao Vrbas, kutoka kimo cha mita 22 hivi. Kuna ngazi za kuteremkia hadi chini, mbele ya maporomoko yenyewe. Theluji ya milimani ilikuwa imeyeyuka, na mto ulijaa. Maji yalishuka meupe kwa upana wote wa mwamba, na manyunyu yake yakatulowesha buibui kabla hatujafika ngazi ya mwisho. Binti yangu aliniambia kitu, nami sikumsikia. Nilisema Subhanallah, na sauti yangu mwenyewe pia sikuisikia.

Mwamba ule una habari yake. Maji ya milima hiyo hubeba chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe yanamopita. Yafikapo penye maporomoko na kutawanyika hewani, chokaa huganda juu ya majani na mizizi iotayo hapo, na miaka kwa miaka hugeuka jiwe. Kwa hiyo mto ule haumomonyoi tu. Pia hujenga ukuta unaouangukia. Sisi wa Pwani, tuliorithi nyumba za matumbawe na chokaa, twaweza kuufahamu ujenzi wa namna hiyo.

Juu kidogo ya mji, baina ya maziwa mawili ya mto huo huo, vimesimama vinu vya mbao vipatavyo ishirini, vidogo kama vibanda, juu ya nguzo. Maji yalipita chini yake na kuzungusha mawe ya kusagia nafaka za familia za hapo. Binti yangu alivipenda kuliko maporomoko.

Adhuhuri tulikaribishwa kahawa na ajuza mmoja, jirani wa mahali tulipopumzika, aliyetuona na hijabu zetu na kutupa salamu. Wenyewe humwita *nena*, yaani bibi. Mjukuu wake alijua Kiingereza, naye akawa mkalimani. Kahawa huko huitwa *kahva*, sabuni ni *sapun*, na sanduku ni *sanduk*. Tulicheka pamoja kwa kugundua kwamba maneno yale yametufikia sote, sisi kwa njia ya bahari na wao kwa njia ya Waturuki.

Nikamwambia bibi kwamba wamebahatika kuishi karibu na neema kama ile. Alinyamaza kidogo, kisha akatueleza. Mwishoni mwa Oktoba 1992, wakati wa vita, mji ulipotekwa, maelfu ya watu walikimbia kwa njia ile ile ya Travnik tuliyojia sisi, naye akiwa miongoni mwao, na mtoto mgongoni. Misikiti ya mji ikabomolewa. Aliporudi baada ya miaka, nyumba yake haikuwa na paa.

"Lakini maji yalikuwa yakianguka vile vile," alisema. "Nikayachukia. Nikaona hayakutulilia. Nilijua nimerudi kwetu siku ile msikiti uliposimama tena, nikasikia adhana juu ya sauti ya maji."

Msikiti aliousema ni wa Esma Sultana, uliojengwa katika karne ya 18 na kujengwa upya baada ya vita. Huyo Esma alikuwa binti wa Sultani Ahmed wa Tatu, na mumewe alikuwa mtawala katika Bosnia. Wenyeji husimulia kwamba aliugua, akaambiwa atapona akijenga msikiti na madaraja, naye akauza kipuli chake kimoja. Kwa thamani yake ukajengwa msikiti wa Jajce na madaraja mawili juu ya mto Vrbas. Hiyo ni simulizi ya wazee, nami naileta kama nilivyoipokea.

Nilikwenda kutia udhu msikitini humo. Maji yalikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Nikakumbuka tulivyofundishwa madrasa, kwamba usiyafuje maji hata ukiwa kando ya mto upitao, nikapunguza bomba. Kisha nikawakumbuka wanawake wa Kwale na madumu yao. Baada ya swala nilibaki nimekaa. Kipuli cha Esma, lau angekificha sandukuni, leo kingekuwa wapi, na nani angelitaja jina lake? Na mimi nilikuwa nikilinda nini? Umbo la mkono wa mama lilikuwamo katika bangili, ni kweli, lakini haja yake haikuwamo. Haja yake ilikuwa kisimani.

Usiku ule, kutoka Sarajevo, nilimpigia simu dada mkubwa. Nilisema, "Dada, naomba unisamehe. Tuchimbe kisima." Hakujibu mara moja. Nilimsikia akilia, kisha akasema, "Mdogo wangu, moja tuiache." Tukakubaliana sote watatu kwamba saba ziuzwe, na moja ibaki ivaliwe kwa zamu na wajukuu wa kike wa mama siku za harusi zao. Fundi amekwisha kupima mahali, nasi twangoja mvua za masika zipite, inshallah.

Kwa familia itakayojaaliwa kufika huko, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo mito hujaa. Chukueni viatu visivyoteleza na nguo nzito, kwani baridi ya milimani haina huruma kwa watu wa Pwani. Vyakula vya halali hupatikana, na misikiti haiko mbali. Mkifika Jajce, mkiisha kuyatazama maporomoko, pandeni mjini mkaswali rakaa mbili katika msikiti wa Esma Sultana, na mumwombee dua aliyeujenga, na wale walioujenga tena.